Kifaru kipi ni bora? Injini, uzito na kinga, na somo tulilolipata kati ya Kyaka na Lukaya

Ndugu msikilizaji, kila vifaru vya jeshi vinapopita kwenye sherehe za kitaifa, simu zetu studio hazipumziki. Safari hii ujumbe uliotushika ulitoka kwa msikilizaji wa Charambe, Mbagala, wilayani Temeke. Anasema pale kijiweni kwao wameangalia video ya kifaru cha Kijerumani kwenye simu, kinaruka tuta huku mzinga wake umetulia kama umewekwa mezani. Ubishi ukaanza. Yeye anauliza: kama kuna kitu kizuri namna hiyo duniani, kwa nini nchi kama yetu isinunue hicho hicho, ikamaliza kazi?

Tuliligusa swali hilo hewani kwa dakika chache tu, na wengi wa vijijini mkaomba tuliandike ili mlisome taratibu. Haya, tukae. Siri za jeshi hazituhusu na hatutazigusa. Tutatumia mambo yanayojulikana hadharani, na historia yetu wenyewe.

Kifaru ni nini hasa

Watu wengi huita kila gari la jeshi la chuma "kifaru". Si sahihi. Gari la chuma la kubeba askari, la matairi au la minyororo, ni deraya. Kifaru cha vita kinatembea kwa minyororo, kina ngao nene mbele, na juu kina kichwa kinachozunguka chenye mzinga mkubwa. Ndani wanakaa watu watatu au wanne: dereva, mpiga mzinga, kamanda, na katika vifaru vingine mpakiaji anayeingiza kombora kwenye mzinga kwa mikono.

Kila anayetengeneza kifaru anagombana na mambo matatu. Anataka kiwe na nguvu ya kupiga, kiwe na kinga ya kuwalinda walio ndani, na kiweze kutembea. Taabu ni kwamba haya matatu yanaibiana. Ukiongeza kinga, unaongeza uzito. Ukiongeza uzito, unahitaji injini kubwa zaidi. Injini kubwa inahitaji mafuta mengi na nafasi kubwa, na nafasi hiyo nayo lazima ifunikwe kwa ngao, ambayo inaongeza uzito tena. Ni kama mtu anayejenga banda la kuku, kisha analijengea banda lile ukuta, kisha ukuta nao unataka mlinzi.

Twende kwanza Kagera

Kabla ya namba, tukumbushane. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Tanzania na kushika eneo la kaskazini ya Mto Kagera. Tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu Nyerere alikuwa tayari amelihutubia taifa, ile hotuba ya uwezo, sababu na nia ambayo wazee wetu wanaikumbuka hadi leo.

Upande wa Uganda kulikuwa na vifaru vya aina tofauti: Sherman vya Kimarekani vya enzi za Vita vya Pili vya Dunia, T-34 vya Kirusi vya wakati huo huo, na T-55 ambavyo vilikuwa vipya zaidi. Upande wetu jeshi lilikuwa na vifaru vya Kichina, Type 59, pamoja na Type 62 ambacho ni chepesi zaidi.

Type 59 ni ndugu wa damu wa T-54 ya Warusi. Wachina walikitengeneza kwa kufuata mchoro wa Kirusi. Kina uzito wa tani 36, injini ya dizeli yenye nguvu za farasi 520, mzinga wa milimita 100 na watu wanne ndani. Kwa maana hiyo, pale Type 59 ilipokutana na T-55, walikutana watoto wa baba mmoja. Hakuna aliyeshinda kwa sababu ya chuma chake kuwa bora sana kuliko cha mwenzake.

Sasa angalia jambo hili. Daraja la Kyaka lilipovunjika, askari wa miguu angeweza kuvuka mto kwa mtumbwi. Tani 36 za chuma haziwezi. Ilibidi jeshi liweke daraja la muda kwanza. Na kabla ya hapo vifaru vilipaswa kufika Kagera, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani. Kifaru hakitembezwi umbali huo kwa minyororo yake. Minyororo italika, injini itachoka, na barabara itaharibika. Kinabebwa na lori maalumu au treni, kinashushwa karibu na kazi.

Kisha ikaja Lukaya. Tarehe 10 na 11 Machi 1979, majeshi yetu yalikuwa yanaelekea Kampala kutoka Masaka. Pale Lukaya barabara inapita juu ya tuta, na pande zote mbili ni kinamasi. Libya ilikuwa imemletea Amin msaada wa askari, vifaru vya T-55, maderaya na mitambo ya roketi. Kifaru kilicho juu ya tuta kama lile hakina pa kugeukia: kulia matope, kushoto matope. Usiku wa kwanza brigedi yetu iliyokuwa mbele ilipata shida na kutawanyika. Kulipokucha, Brigedi ya 208, iliyokuwa imezunguka, ikawatokea adui kwa nyuma kutoka upande wa barabara ya Kampala. Mapigano yakageuka. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979.

Shika picha hizo mbili, daraja la Kyaka na tuta la Lukaya. Tutazirudia.

Injini: usitazame ukubwa peke yake

Nguvu ya injini hupimwa kwa nguvu za farasi, ile wanayoita mafundi "hospawa". Pikipiki ya bodaboda ya kawaida ina kati ya 10 na 15. Semitrela nyingi zinazopita barabara ya Morogoro zina 400 na kidogo. Vifaru vizito vya kisasa vina 1,500. Ukisikia hivyo unasema kifaru kina nguvu ya ajabu.

Lakini namba hiyo peke yake inadanganya. Unatakiwa ugawanye nguvu kwa uzito, yaani kila tani moja imepewa farasi wangapi wa kuivuta. Hapo ndipo unapata picha ya kweli:

- Semitrela yenye nguvu 420 iliyojaa hadi tani 56: farasi 7 na nusu kwa tani. Ndiyo maana pale mlima Kitonga, Iringa, unaiona inapanda kama kinyonga.
- Type 59, tani 36, nguvu 520: farasi 14 kwa tani.
- T-72 ya Kirusi, aina ya mwanzo, tani 41, nguvu 780: karibu 19.
- Challenger 2 ya Uingereza, tani 62 na nusu, nguvu 1,200: 19.
- T-90S ya Kirusi, tani 46 na nusu, nguvu 1,000: 21 na nusu.
- Abrams ya Marekani ya matoleo ya karibuni, karibu tani 67, nguvu 1,500: 22.
- Leopard 2A6 ya Ujerumani, tani 62, nguvu 1,500: 24.
- Leclerc ya Ufaransa, tani 56, nguvu 1,500: karibu 27.
- K2 ya Korea Kusini, tani 55, nguvu 1,500: 27.

Umeona? Challenger 2 ina nguvu zaidi ya mara moja na nusu ya T-72, lakini ukipima kwa tani wanalingana, kwa sababu Mwingereza amejitwika ngao nzito. Na kwa kukuchekesha kidogo: bodaboda ikiwa na dereva na abiria mmoja ina farasi zaidi ya 40 kwa tani. Ndiyo maana ikiwaka taa ya kijani inaondoka kabla ya wote. Ila bodaboda haina ngao.

Karibu vifaru vyote duniani vinatumia dizeli. Sababu ni ile ile inayomfanya mkulima apende pampu ya dizeli: inavuta mzigo kwa nguvu, haili mafuta ovyo, na dizeli haishiki moto haraka kama petroli. Sherman nyingi za Vita vya Pili zilitumia petroli.

Abrams ya Marekani imekwenda njia yake. Injini yake ni tabini ya gesi, ndugu wa injini za helikopta. Ni nyepesi kwa nguvu inayotoa, haina kelele nyingi za kunguruma, na inakubali mafuta ya aina nyingi: ya ndege, dizeli, hata petroli. Bei yake ni kiu. Tangi zake zinachukua karibu lita 1,900, na inakwenda kilomita 425 hivi barabarani. Hiyo ni karibu lita nne na nusu kwa kila kilomita moja. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro tu, kifaru kimoja kingemaliza karibu lita 900. Type 59 kwenye barabara inatumia karibu lita mbili kwa kilomita. Na tabini inakunywa sana hata kifaru kikiwa kimesimama injini inawaka.

Kwa hiyo jeshi lenye vifaru vya namna hiyo lazima liwe na foleni ya malori ya mafuta nyuma yake kila siku. Adui mwenye akili hahangaiki na kifaru. Anayavizia malori.

Vumbi na joto

Kuna jambo ambalo video za mtandaoni hazionyeshi. Injini inavuta hewa, na hewa ya kwetu wakati wa kiangazi ina vumbi. Waulize madereva wa Dodoma na Singida wanavyobadilisha kichujio cha hewa.

Mfano mzuri uko kwa majirani zetu wa baharini, Oman, ambako wapo wasemaji wengi wa Kiswahili. Oman ina vifaru 38 vya Challenger 2, na vilipoagizwa vilifanyiwa marekebisho ya upozaji kwa ajili ya joto na vumbi la jangwani. Mwaka 2001 Waingereza wenyewe walipeleka Challenger 2 zao Oman kwa mazoezi makubwa, zikiwa na vichujio vya kawaida vya Ulaya. Vumbi laini likaviziba. Baadhi ya vifaru vilikwama baada ya saa chache tu za kazi. Kifaru ni kile kile na kiwanda ni kile kile. Kilichobadilika ni mahali kilipokuwa.

Falme za Kiarabu nazo ziliponunua Leclerc ya Ufaransa hazikuchukua injini ya Kifaransa. Ziliomba iwekwe injini ya Kijerumani. Mnunuzi mwenye busara haulizi tu kifaru kinafanya nini kwao, anauliza kitafanya nini kwake.

Uzito: tope ni jambo moja, daraja ni lingine

Hapa ndipo ubishi wa kijiweni unapochanganya mambo mawili, kwa hiyo tuyatenganishe.

La kwanza ni jinsi kifaru kinavyoigandamiza ardhi. Ajabu yake, kifaru cha tani 40 hakizami kirahisi kama unavyofikiri, kwa sababu minyororo yake mirefu na mipana inaueneza uzito. Kila sentimita moja ya mraba ya ardhi inabeba kama kilo 0.8 hadi kilo 1. Tairi la lori lililojaa linagandamiza kwa kilo 7 au 8 kwa sentimita ile ile. Dada mwenye kilo 60 akisimama kwa kisigino kimoja cha kiatu cha mchuchumio anaigandamiza sakafu kuliko kifaru. Ndiyo sababu kifaru kinapita shambani ambako Fuso lingezama hadi ekseli.

Lakini kinamasi cha kweli kama cha Lukaya ni kitu kingine. Kule hata kilo hizo chache zinatosha kukizamisha, na kifaru kikizama, kukitoa kunahitaji kifaru kingine cha kuvuta.

La pili ni daraja. Daraja halijali uzito umeenezwaje kwenye minyororo. Linahesabu mzigo wote uliopo juu yake. Madereva wetu wa malori wanaijua hesabu hii vizuri kuliko majenerali. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, gari lenye ekseli za kutosha haliruhusiwi kuzidi tani 56 pamoja na mzigo wake. Ukizidisha, pale mizani ya Vigwaza utasimamishwa, utashusha mzigo na faini utalipa.

Sasa chukua Leopard 2 ya tani 62. Peke yake imeshazidi. Ipakie juu ya lori lake maalumu la kubebea na jumla inapita tani 100. Barabara na madaraja yetu yamejengwa kwa kufikiria semi ya tani 56. Uyaangalie madaraja madogo ya wilayani kwako, yale ambayo mvua za masika zikija mnasali yasichukuliwe, halafu ufikirie mzigo huo. Kifaru bora kuliko vyote ambacho hakiwezi kuvuka mto kufika mpakani ni mapambo ya kambini.

Ndio maana hapa ukanda wetu wengi wamebaki na vifaru vya uzito wa kati. Kenya ilinunua Vickers Mk 3 vya Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, vya karibu tani 39. Uganda, baada ya T-55, iliongeza T-90S vya tani 46 na nusu. Na wengi mtaikumbuka meli ya Faina. Maharamia wa Kisomali waliiteka Septemba 25, 2008 ikielekea Mombasa, ikiwa imebeba vifaru 33 vya T-72 kutoka Ukraine. Ilishikiliwa hadi Februari 2009, fidia ikalipwa. Serikali ya Kenya ilisema vifaru ni vyake. Baadaye ikajulikana kuwa safari yao ilikuwa ya Sudan Kusini. Hata hivyo vilikuwa T-72, kifaru cha tani arobaini na kitu. Bei ni sababu mojawapo ya uchaguzi wa namna hiyo, lakini barabara na madaraja nayo yana neno lake.

Kinga: hatua nne za kumlinda aliye ndani

Sasa tuje kwenye lililo gumu zaidi, kwa sababu humu ndani wanakaa watoto wa watu.

Kwanza tujue kinachokiua kifaru. Kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni mshale mzito wa chuma kigumu, unaorushwa na mzinga wa kifaru kingine kwa kasi ya zaidi ya mita 1,500 kwa sekunde. Hauna baruti ndani, unatoboa kwa kasi na uzito wake tu. Ya pili ni kombora la moto, kama lile la RPG-7, silaha ambayo kwa bahati mbaya imeenea sana ukanda huu. Kichwani lina koni ya shaba iliyozungukwa na baruti. Likilipuka, koni ile inageuka kuwa mchirizi mwembamba wa shaba unaokwenda kwa kasi kubwa kuliko risasi yoyote, na unapenya chuma kama sindano kwenye kitenge. RPG-7 ya kawaida hutoboa chuma cha zaidi ya sentimita 25. Mwili wa Type 59 kwa mbele una sentimita 10 za chuma, ubavuni pungufu ya hapo.

Hapo utaelewa kwa nini chuma kitupu hakikutosha tena. Kuanzia hapo kinga zimepitia hatua hizi.

Hatua ya kwanza ni chuma kinene na kilicholazwa. Bamba likilala kwa mshazari, kombora lina safari ndefu zaidi ya kupita ndani yake, na mara nyingine linateleza. Sherman, T-34, T-55 na Type 59 za zamani zote zilitegemea hili.

Hatua ya pili ni ngao ya mchanganyiko. Waingereza waliibuni miaka ya 1960 pale Chobham. Badala ya chuma peke yake, wanapanga tabaka za chuma, vitu vya jamii ya kauri na vitu vingine. Kila tabaka linauvuruga mchirizi wa shaba kwa namna yake. Abrams, Challenger na Leopard 2 zote zinatumia ngao za jamii hii, na ndiyo iliyozipa uzito wake.

Hatua ya tatu ni matofali yanayolipuka. Ukiona kifaru kama T-72 kimefunikwa na vitu kama matofali yaliyopangwa, si urembo. Kila tofali lina mabamba mawili na baruti katikati. Kombora likigonga, tofali linalipuka kuelekea nje, mabamba yanaruka na kuukata mchirizi kabla haujafika mwilini. Waisraeli walivitumia vitani Lebanon mwaka 1982, na Warusi wakayaendeleza sana. Ni rahisi na mepesi kuliko kuongeza chuma. Kasoro yake: tofali likishalipuka mahali pale pamebaki wazi, na askari wa miguu aliyejibanza karibu anaweza kuumia.

Hatua ya nne ni kinga inayojihami yenyewe. Mfumo maarufu ni Trophy ya Israel, iliyowekwa kwenye kifaru cha Merkava na baadaye kwenye Abrams. Rada ndogo zinaangalia pande zote. Zikiona kombora linakuja, kompyuta inapiga hesabu na kifaa kinafyatua vipande vidogo vya chuma kulipasua likiwa bado angani. Mara ya kwanza kufanya kazi vitani ilikuwa Machi 2011, karibu na Gaza. Baadhi ya vifaru vya T-90 vina njia nyingine: taa mbili mbele, kama macho mekundu, za kuyachanganya makombora yanayoongozwa.

Mbagala na swali la mahali pa kuweka makombora

Kuna kinga moja ambayo haionekani kwa nje, na wakazi wa Mbagala na Gongo la Mboto wataielewa kuliko watu wengine. Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha Mbagala yalilipuka. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, nyumba nyingi zikaharibika. Tarehe 16 Februari 2011 ikawa Gongo la Mboto. Tuliona kwa macho yetu kwamba baruti ikishika moto mahali ilipolundikana, haichagui mwenye nayo.

Kifaru ni ghala dogo linalotembea, na watu wamekaa humo. Kwa hiyo swali kubwa ni: makombora yake yamewekwa wapi?

Katika T-72 na T-90 hakuna mpakiaji. Kuna mashine inayozunguka kama sahani, imebeba makombora 22 sakafuni, chini kabisa ya miguu ya kamanda na mpiga mzinga. Faida yake: mtu mmoja amepungua, kifaru kinakuwa kifupi, chepesi na kigumu kulengwa. Hasara yake: kinga ikitobolewa na moto ukafika pale, yote yanalipuka kwa pamoja na kichwa cha kifaru kinarushwa juu. Picha hizo mmeziona kutoka vita vya Ukraine. Walio ndani huwa hawana sekunde ya kutoka.

Katika Abrams makombora mengi yako nyuma ya kichwa, kwenye chumba chenye mlango wa chuma unaojifunga, na juu yake kuna mabamba yaliyowekwa kwa makusudi yavunjike. Yakishika moto, mlipuko unatokea juu kwenda nje. Kifaru kinaweza kuharibika kabisa, lakini watu wanne wana nafasi ya kutoka na kurudi nyumbani kwao. Gharama yake ni kichwa kikubwa zaidi na uzito zaidi. Tumerudi pale pale: maisha ya askari yanapimwa kwa tani, na tani zinapimwa kwa daraja.

Na droni je?

Vita vya Ukraine vimeleta adui mpya. Ndege ndogo isiyo na rubani, inayogharimu kiasi kidogo sana ukilinganisha na kifaru, inamfuata mhusika kutoka juu, mahali ambapo ngao ya kila kifaru ni nyembamba. Abrams, Leopard 2 na Challenger 2 zote zimepotea kule, sawa na T-72 na T-90. Sasa vifaru vya pande zote vinafungiwa vizimba vya nondo na wavu juu, kama banda la kuku, pamoja na mitambo ya kuvuruga mawasiliano ya droni.

Wapo wanaosema enzi za vifaru zimekwisha. Wengine wanasema bado hakuna kitu kingine cha kumvusha askari mbele ya risasi akiwa hai. Vikosi vya Uganda vilivyokuwa Mogadishu chini ya Umoja wa Afrika vilitumia T-55 za zamani katika mitaa ya jiji lile, na zilifanya kazi, kwa sababu adui aliyekuwa mbele yao hakuwa na kifaru na askari wa miguu walikuwa wanazilinda kwa karibu. Kifaru kikiachwa peke yake, cha zamani au kipya, ni mawindo.

Tumjibu mwenzetu wa Charambe

Sasa, msikilizaji wetu, umeuliza kwa nini nchi isinunue kile kikubwa ikamaliza kazi. Mtu akikwambia kifaru fulani ni bora kuliko vyote, muulize maswali matatu.

Moja, kitavuka madaraja gani kufika pale kinapotakiwa, na nani atalijenga daraja lile adui akilivunja, kama Kyaka?

Mbili, nani atakipelekea mafuta, vipuri na vichujio kila siku, na fundi wake amesomea wapi? Type 59 ni ya zamani, lakini fundi anayejua dizeli anaielewa. Mtambo uliojaa rada na kompyuta ukiharibika unasubiri mtaalamu na kipuri kutoka nje.

Tatu, kikipigwa, na siku moja kitapigwa, walio ndani wana nafasi gani ya kutoka?

Hili la tatu ndilo tunaloomba ulikumbuke zaidi utakapoangalia video nyingine. Kila namba tuliyoandika hapa, ya injini, ya tani na ya ngao, mwisho wake ni dereva na wenzake wawili au watatu waliofungiwa ndani ya chuma chenye joto. Mwaka 1979 walikuwa vijana wa rika la wanetu, wamepanda treni na malori kutoka mikoa yote, wengi hawajawahi kuuona Mto Kagera. Walioshinda Lukaya hawakuwa na kifaru bora kuliko cha mwenzao. Walikuwa na wenzao waliokubali kuzunguka usiku kwenye matope ili watokee upande ambao adui hakuutegemea.

Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyekuwa kule, mwamkie, mkae, muulize alivukaje. Kisha tutumieni ujumbe kwa namba ile ile ya kipindi, tutasoma hewani.